Namba ya Umri kwenye Filamu Yako

Ngana, Alhamisi jioni

Mwanangu Atupele,

Mara tatu umeniuliza uandike umri gani wa watazamaji kwenye fomu ya filamu yako, na mara tatu nimekujibu vibaya. Mara ya kwanza nilikwambia hiyo ni kazi yako. Mara ya pili nilijifanya sijasikia. Mara ya tatu, juzi tukiwa tunaanua kakao, nilikuuliza kwani mwalimu wako wa chuo ulichomaliza hana jibu. Ukaendelea kuanua. Sasa nakuandikia, kwa sababu kesho unapanda basi la Dar alfajiri, na haya mambo nikiyaanza kwa mdomo nitayakatisha njiani kama ninavyoyakatisha siku zote.

Ya safari baba yako amekwisha kuyasema, tena ameyarudia. Ya chakula na malazi shangazi yako atayasema ukifika. Mimi nina hili moja tu.

Fomu ya tamasha nimeisoma. Ulipoiacha mezani niliisoma yote, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma. Kuna visanduku vitano: watu wote, kumi, kumi na tatu, kumi na sita, kumi na nane. Naelewa kwa nini unahangaika. Ukitia alama kwenye kumi na tatu na filamu ikachaguliwa, watu wa tamasha wataizungusha shule za sekondari mkoa hadi mkoa, na jina lako litajulikana kabla hujamaliza hata mwaka wa kwanza huko uendako. Mwalimu wako anataka hivyo. Gwakisa, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamera na anajiona naye ni mwenye mali, anataka kumi na nane, iandikwe kwa wekundu kwenye bango, "watu wajue hatukuwa tunacheza." Nilimsikia akisema hivyo barazani. Wewe uko katikati ya hao wawili, na mama yako ambaye amefundisha watoto miaka ishirini na mitano anakwambia ni kazi yako.

Nianzie ile Jumamosi uliyotufungia mapazia sebuleni mchana ili tuione kwa mara ya kwanza. Hatukuwahi kuizungumza, kwa hiyo nikueleze nilivyoiona mimi. Mama mfinyanzi anazama na mtumbwi akipeleka vyungu sokoni Lyulilo. Baada ya mazishi, kila jua likikaribia kuzama, anakuja kusimama mlangoni kwake, mikono inachuruzika maji, anawaita wanawe mmoja mmoja kwa majina ya nyumbani. Bibi yao anawaambia wasiitike. Wakubwa wanaziba masikio. Kisha anamwita kitindamimba, yule wa miaka minne mitano, anamwita taratibu kabisa, na yule mtoto anaacha kula, anainuka, anaenda mlangoni.

Hapo ndipo niliposimama nikatoka. Nilikwenda kugeuza kakao ambayo nilikuwa nimeigeuza nusu saa tu iliyopita. Ulinifuata ilipokwisha.

"Mama, haina hata tone moja la damu."

"Sijasema ina damu."

"Kama unaona ni ushetani, sema tu."

"Namba ni kazi yako, Atupele."

Ulidhani nimechukia kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa. Nikakuacha udhani hivyo, maana ilikuwa rahisi kwangu. Ukweli ni kwamba na mimi niliwahi kutengeneza kitu cha kutisha watu. Sikukiita hivyo. Na umri wa watazamaji haukunijia kichwani hata kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Wewe ulikuwa mgongoni, hujatimiza mwaka. Nilikuwa mwalimu mgeni katika shule yetu, na kwa kuwa nilijua kusoma noti na kupanga watoto mistari, kanisani walinipa shule ya Jumapili na kikundi cha maigizo cha vijana. Mwaka ule tulitangaziwa kuwa mchungaji mgeni atatutembelea kwenye mkutano wa injili. Nikaamua tuandae igizo la siku ya mwisho. Nililitunga mwenyewe kwa siku nne. Nilikuwa na kipaji, niseme tu, na wewe hukukiokota njiani.

Mhusika mkuu alikuwa mwanamke mpenda starehe. Amepewa kila onyo, amecheka kila onyo, na siku ya siku wanakuja mashetani wawili kumchukua. Mashetani niliwavika magunia ya kakao na kuwapaka masizi. Moto ulikuwa shuka jekundu limetundikwa kwenye kamba, nyuma yake karabai na vijana wawili wa kulitikisa, na mwingine wa kupiga debe. Leo ukiniuliza nitakwambia ni vitu vya kuchekesha. Siku ile, na kanisa limefungwa madirisha, na debe likilia, hata mimi niliyelifunga lile shuka kwa mikono yangu nilisisimka.

Huyo mwanamke wa starehe alihitaji nguo nzuri. Nikawaomba akina mama wa kanisa watuazime. Zikaja nguo kwenye fuko, nikachagua kitenge cha manjano chenye tausi, kwa sababu kingeonekana hadi viti vya nyuma. Anna wa kwaya, aliyecheza ile nafasi, akakivaa na kilemba chake. Sikuuliza ni cha nani.

Sasa nikuambie juu ya Sekela. Unamjua kama Dada Sekela, fundi cherehani wa Bondeni kule mjini, aliyekushonea sare zako zote za sekondari. Wakati ule alikuwa na miaka saba, analelewa na bibi yake hapa hapa Ngana. Mama yake alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Alifariki akiwa ametengwa kanisani, kwa sababu alikuwa akiishi na mwanamume bila ndoa, na watu walikuwa wameyasema hayo msibani kwa sauti ambayo watoto wanaisikia. Nguo zake ndugu waligawana. Kitenge cha tausi kilimwangukia mdogo wake, na mdogo wake, kwa moyo mwema, alikitia kwenye fuko la igizo.

Watoto niliwakalisha mbele kabisa, kwenye mkeka. Nilitaka waone vizuri.

Mimi nilisimama kando, nyuma ya pazia la vestri, chumba cha mchungaji, na daftari la maneno mkononi, wewe umelala mgongoni. Igizo lilikwenda vizuri kuliko mazoezi yote. Mashetani walipotokea, akina mama wakapiga yowe. Wakamshika Anna, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu, wakaanza kumburuta kuelekea kwenye shuka jekundu. Hapo nikamwona Sekela anasimama mkekani. Hakukimbia. Alitembea kama mtoto aliyetumwa, akapita katikati ya wenzake, akafika mbele, akashika upindo wa kile kitenge kwa mikono miwili.

"Mama," akasema.

Kanisa zima likapiga makofi. Walidhani ni mimi niliyelipanga.

Ambakisye, kijana aliyekuwa shetani wa kulia, alisimama akanitazama. Alikuwa ameelewa kuna kitu hakiko sawa, unaona, na alikuwa na miaka kumi na minane tu. Alinitazama akisubiri nimwambie cha kufanya. Na mimi, Atupele, nilikuwa nimekwisha kukitambua kitenge. Nilikitambua palepale, mikono ya yule mtoto ilipokishika. Nilikuwa nimekiona mara nyingi kwa marehemu sokoni. Mchungaji mgeni alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti chake. Watu walikuwa wanalia. Nikampungia Ambakisye mkono: endeleeni.

Akauchomoa ule upindo mikononi mwa mtoto, kidole kimoja kimoja, taratibu, kwa sababu alikuwa kijana mpole. Kisha wakamvuta Anna nyuma ya shuka, debe likapigwa, na Anna akapiga ukelele niliomfundisha mimi.

Sekela alibaki amesimama pale mbele. Hakulia. Mtu mmoja alikuja akamchukua, sikumbuki nani.

Waliokuja kutubu siku ile walikuwa wengi hadi wakapiga magoti nje kwenye nyasi. Mchungaji mgeni alinishika mkono, akasema igizo hili lisikae hapa, lizunguke. Na lilizunguka. Tulilipeleka Matema, tukalipeleka na kanisa jingine la upande wa mjini. Kitenge nilikibadilisha, hilo nilifanya. Igizo sikuligusa, na watoto tuliendelea kuwakalisha mbele.

Baada ya wiki moja bibi yake Sekela alikuja shuleni. Alisubiri hadi kipindi kikaisha. Alikuwa mama asiye na maneno mengi.

"Mwalimu, huyu mtoto hakai jikoni."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Akiona nimewasha moto anatoka. Anakula nje, hata mvua ikinyesha anakula nje. Nimekuja kukuambia tu."

Hakunilaumu. Alisema hivyo, akaaga, akaenda zake. Nilikaa wiki mbili nyingine kabla ya kwenda kwao. Kila siku nilikuwa na sababu: madaftari ya kusahihisha, wewe una homa, baba yako yuko shambani. Nilipokwenda nilibeba sukari na sabuni kama mtu anayekwenda msibani. Nilimkuta Sekela uani anapepeta mpunga. Nikakaa naye. Nikamweleza kwamba yale yalikuwa maigizo, kwamba moto ulikuwa shuka, kwamba yule alikuwa Anna na hakuungua. Alinisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza akaniuliza:

"Kwa hiyo mama yangu hayuko kule?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha ualimu na kitabu cha mafundisho ya kanisa nakijua kwa moyo. Jibu lilikuwa neno moja. Nikawaza mzee wa kanisa akisikia nimesema nini. Nikawaza yule marehemu alikuwa ametengwa, mimi ni nani wa kusema. Nikamjibu mtoto wa miaka saba:

"Mungu ndiye anayejua, Sekela."

Akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyeelewa somo. Akachukua ndoo, akaenda kisimani. Shule ya Jumapili hakurudi tena. Baadaye nilimfundisha darasa la tano na la sita, na alikuwa mwanafunzi mzuri, lakini kila nilipopanga viti yeye alihamia nyuma. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa najua.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani ulipotuonyesha filamu yako, na ndiyo maana nilitoka. Nilitaka kukwambia siku ileile, lakini niliona si haki kulisimulia jambo la mtu bila kumuuliza mwenyewe. Kwa hiyo Jumanne, nilipokuaga kwamba nakwenda mjini kununua dawa ya mafua, nilikwenda Bondeni.

Nilimkuta peke yake kibandani, amezungukwa na vitambaa vya bluu vya sare.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una kazi nyingi."

"Shule zinafungua. Karibu kiti, toa hayo matambara."

Nikakaa. Nikamweleza kuhusu filamu yako, hadithi yake yote, hata pale kitindamimba anapoinuka. Nikamweleza na habari ya fomu. Alikuwa anakanyaga cherehani, anasimama kukata uzi, anaendelea. Kisha nikasema nimekuja kwa sababu ya lile igizo, na cherehani ikasimama.

"Nilikuwa najiuliza utakuja lini," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema fundi uliyemwachia kitambaa ukachelewa kuchukua nguo.

Nikamwambia nasikitika kwa ule moto, kwa kumtisha. Akatikisa kichwa.

"Moto niliusahau, Mwalimu. Mwaka haukuisha nikawa napika. Unajua nilichokumbuka? Wewe. Ulikuwa pale kwenye pazia, na mtoto mgongoni. Nilipogeuka nilikuona unaniangalia. Nikajua umeniona. Nikajua sasa Mwalimu atawaambia waache."

Nje pikipiki zilikuwa zinapita, nikazisikiliza.

Baadaye yeye ndiye aliyerudi kwenye filamu. Akaniambia alipokuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, alikuwa akitoroka kwenda mjini kwenye mabanda ya video. Alikaa mbele kabisa. Aliona mapepo, aliona maiti zinatembea, aliona watu wanakatwa shingo.

"Sikuogopa hata moja," akasema. "Mle hamkuwemo mtu ninayemjua."

Nimelifikiria neno hilo tangu Jumanne. Nimefundisha darasa la tatu lenye mtoto wa miaka minane na mwenye miaka kumi na miwili kwenye dawati moja, na rejesta yenye tarehe zao zote za kuzaliwa haijawahi kuniambia nani ataogopa nini. Tone la damu unalihesabu wewe na mwalimu wako, na kweli halimo. Lakini filamu yako inamwita mtoto kwa sauti ya mama yake. Katika kila darasa la shule hizo mtakazozunguka kuna mmoja au wawili waliomzika mama. Hao hawataangalia mikono inayochuruzika maji. Wao watasikiliza sauti.

Nilimuuliza Sekela angeweka namba gani. Akacheka kidogo.

"Namba itamzuia nani, Mwalimu? Nani anaingia na cheti cha kuzaliwa? Aweke anayoona. Ila awepo mtu ndani anayeweza kusema simamisheni."

Nikaona ni sasa au basi. Nikamwambia, "Sekela, mama yako hayuko kule. Nilipaswa kukuambia siku ile uani."

Alinyoosha kitambaa kwenye meza, akakisawazisha kwa kiganja.

"Bibi aliniambia jioni ileile," akasema. "Nilipotoka kisimani nikamweleza ulivyojibu. Akasema, huyo mwalimu hajafika huko, atajuaje?"

Tukacheka wote wawili, na mimi machozi yananitoka. Miaka ishirini na moja, Atupele, nimebeba kitu ambacho bibi kizee alikimaliza kwa sentensi moja kabla ya chakula cha jioni. Nikadhani ndiyo mwisho wa mazungumzo. Nilikuwa nimeshika mkoba, nimesimama, akaniambia bila kuinua macho:

"Lakini bibi hakuwa mwenye igizo. Wewe ndiye uliyempeleka kule. Nilikuwa nataka umtoe wewe."

Nilimuomba ruhusa ya kukuandikia haya. Akasema niandike, wewe ni mtu mzima, ila nisimwandike kama maskini wa kuhurumiwa. Nimejitahidi.

Sasa namba. Nisikuzungushe zaidi. Mimi ningetia alama kwenye kumi na sita. Najua ukifanya hivyo zile safari za shule zimekwisha, na najua hakuna atakayekurudishia. Na huenda nakosea. Yuko mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye angeiona filamu yako akarudi nyumbani akalala fofofo, na kesho yake akataka kutengeneza ya kwake, na mimi namnyima. Yuko mtu mzima wa miaka arobaini ambaye haitamfaa. Kwa hiyo usiichukue namba yangu kwa kuwa ni ya mama. Kumi na nane ya Gwakisa iache, hiyo ni ya kujisifu. Mtu akija kwa sababu ya wekundu wa bango atakuwa anasubiri kukatwa shingo na atatoka analalamika.

Lakini yote hayo ni kisanduku tu. Chini ya visanduku wameacha mistari miwili, wameandika "sababu". Wewe ulikuwa umeandika kwa penseli neno moja, "inatisha", ukalifuta. Hapo ndipo pa kuweka nguvu. Andika kilichomo hasa: mama aliyekufa anawaita watoto wake. Andika hivyo hivyo, bila kupamba. Anayepanga nani akae mbele atajua, na mtoto aliyezika juzi, au mwalimu wake, au shangazi yake, atasoma na kuamua. Mimi laiti mtu angeniambia tu, kabla ya mkutano, kile kitenge ni cha nani. Lakini sikuuliza.

Na siku filamu itakapoonyeshwa, popote pale, usikae nyuma na daftari ukisikiliza kama watu wanapiga yowe mahali ulipotaka. Nilifanya hivyo mimi. Yowe likija pale ulipolipanga ni tamu, linalevya, na ukishalewa hivyo mkono unajipungia wenyewe.

Filamu yako nimeimalizia leo asubuhi, ulipokwenda kuaga kwa babu. Nilifungua kompyuta yako bila ruhusa, nisamehe. Sikujua kwamba bibi ndiye anayekwenda mlangoni badala ya mtoto, na kwamba anaitika yeye. Sikujua kwamba anamwambia marehemu, "Wamekula. Wamelala. Nenda." Ni kazi nzuri, Atupele. Inatisha, na ni nzuri. Natamani ungelisikia hili kutoka kwangu ile Jumamosi.

Limebaki la leo jioni, ambalo wewe huenda hukuliona kama jambo.

Saa kumi na moja Sekela alikuja na bodaboda kukuletea begi alilokushonea, na alikuja na binti yake, Nuru. Mimi na Sekela tulikaa barazani. Ndani ulikuwa unamwonyesha baba yako na Gwakisa ile sauti uliyoirekebisha, na mlikuwa mmefika mlangoni, mama anaanza kuita. Nuru ana miaka sita. Alituponyoka, akapita chini ya pazia la mlango, akasimama katikati ya sebule na kidole mdomoni. Sekela alinyanyuka kumfuata. Nikanyanyuka na mimi. Tulifika dirishani wakati uleule wewe ulipogeuza kichwa ukamwona.

Ukabonyeza, picha ikasimama.

"Ah!" baba yako akasema. "Ndiyo imefika patamu."

"Nitaimalizia, Baba. Kuna mgeni."

Gwakisa akalalamika kwamba zimebaki dakika tatu tu. Uliinama kwa Nuru, ukamuuliza ameona nini. Akasema ameona mama mwenye mikono mibaya. Ukamshika mkono ukamtoa nje, mkakaa kwenye ngazi, ukachukua unga wa muhogo na mafuta ya kupakaa ukamkorogea kwenye kifuniko cha sufuria, ukampaka vidole hadi vikafanana na vya yule mama. Akavitazama huku na huku.

"Yule mama amekufa?" akakuuliza.

"Hajafa. Ni Dada Anyelwisye. Anauza samaki wadogo wa usipa Lyulilo. Ukienda siku ya soko utamkuta, atakuongezea."

Nuru akanyoosha vidole vyake vyeupe kuelekea dirishani, akatuita mimi na mama yake kwa sauti nzito ya mzimu, akitaka tuogope.

Sekela akacheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Nimemfahamu tangu ana miaka saba, nimemfundisha, ameingia nyumba hii mara nyingi kupima nguo, na sijawahi kumsikia akicheka hivyo chini ya paa langu. Aliponiaga, getini, alisema "ndaga fijo, Mwalimu". Nikamwambia sikufanya kitu. Akasema anajua, shukrani hiyo nikufikishie wewe.

Nimekufikishia.

Mama yako